Mgeni, Mwenyeji na Jembe: Nyumba ya Wageni katika Historia ya Heru

Katika mji wa Siem Reap, nchini Kambodia, iko nyumba iliyojengwa mwaka 1962 kwa ajili ya wageni wa Norodom Sihanouk, aliyekuwa mkuu wa nchi hiyo. Wageni hao hawakulipa kodi ya chumba. Walilala pale kwa sababu mwenye nchi aliwaalika, wakayatazama mahekalu ya kale ya Angkor kwa sababu mwenye nchi alitaka wayatazame. Miaka 13 baadaye, mwezi wa Aprili 1975, Khmer Rouge walitwaa madaraka, wakawafukuza watu mijini, na kwa muda wa karibu miaka minne ukarimu ulikuwa jambo la hatari katika Kambodia. Nyumba ile ilinusurika. Mwaka 2002 ilifunguliwa upya kwa jina la Amansara, ikiwa hoteli ndogo ya anasa yenye vyumba vichache, na tangu hapo mtu yeyote mwenye fedha za kutosha aweza kulala mahali alipolala mgeni wa mfalme.

Kandokando yake zimestawi hoteli nyingine ndogo ambazo huvaa utamaduni wa Wakhmer kama vazi. Kuta zake hutiwa nakshi za mawe zinazofuata zile za Angkor. Vitanda vyake hutandikwa hariri ya nchi. Vidimbwi vyake hupandwa mayungiyungi. Na mgeni hupokelewa kwa viganja viwili vilivyokutanishwa kifuani. Msafiri hulala, hula, huoga, huamka, hulipa, huenda zake. Akirudi kwao husema kwamba ameonja utamaduni wa Wakhmer. Yamkini ameonja kitu kweli, maana nakshi ni kazi ya mikono ya watu na chakula ni elimu ya jikoni za karne nyingi. Lakini swali hubaki: katika mambo yaliyoifanya nyumba ile ya 1962 iwe nyumba ya wageni, ni lipi lililouzwa pamoja na chumba, na ni lipi lisiloweza kuuzwa?

Swali hili laweza kupimwa vyema mahali ambapo palikuwa na mfalme, na wageni wa mfalme, na nyumba ya heshima ya kuwapokea, lakini jina lake halikuenea katika vitabu vya watalii. Mahali pamoja pa namna hiyo ni Heru Juu, katika wilaya ya Kasulu, mkoa wa Kigoma.

Heru Juu imo katika nyanda za baridi na upepo ambazo wenyeji wake huziita Buha, na ambazo vitabu vingi vya zamani huziita Uha. Kabla ya utawala wa kigeni nchi ya Waha haikuwa dola moja. Zilikuwapo falme kadhaa: Buyungu na Muhambwe upande wa kaskazini, ambako leo ni Kakonko na Kibondo, Heru, Ruguru na Bushingo katikati, Nkalinzi na Bujiji upande wa ziwa. Kila ufalme ulikuwa na mwami wake wa jamii ya Watusi, na chini ya mwami walikuwako watware waliotawala sehemu za nchi. Lakini pamoja na watware walikuwako wateko, wazee wa ardhi waliotoka katika koo za Waha wa tangu zamani. Mteko ndiye aliyeijua mipaka, ndiye aliyegawa mashamba, na ndiye aliyefanya matambiko ili ardhi izae. Mwami alitawala watu. Ardhi ilikuwa na wazee wake.

Kutokana na mpango huo mgeni aliyetaka kukaa Buha alikuwa na milango miwili ya kuingilia. Mlango wa kwanza ulikuwa wa mteko. Aliyetaka kulima alikwenda kwake, akaonyeshwa mahali, akawa jirani wa watu fulani wenye majina, na ardhi ile ikamfunga katika wajibu kwa aliyempa na kwa waliomzunguka. Mlango wa pili ulikuwa wa mwenye ng'ombe. Kwa desturi iliyoitwa bugabire mtu alipewa ng'ombe wa kutunza. Alikunywa maziwa yake, alitia samadi yake shambani, na akawa na deni la heshima na utumishi kwa yule aliyempa. Milango hii haikufanana, maana mmoja ulielekea kwa wakulima na mwingine kwa watawala. Lakini ilikuwa na tabia moja: aliyeingia kwa mmojawapo hakubaki mgeni. Alipata mtu wa kumjibia mbele ya watu, na yeye akapata mtu wa kumjibu.

Nyumba yenyewe haikuwa ya kujisifia kwa kuta. Waha walijenga misonge ya miti na nyasi, yenye mlango mfupi na moto wa kuota ndani. Hata makao ya mwami yalikuwa ya vitu hivyo hivyo vinavyooza na kuungua. Palipoachwa pasipo watu miaka michache hapakusalia ukuta wa kuchorwa wala nguzo ya kupigwa picha. Ukubwa wa makao ya mwami ulikuwa katika watu waliokuwamo, katika ng'ombe waliokamuliwa, katika ngoma zilizopigwa na katika vyungu vya pombe vilivyoletwa. Mtu atafutaye utamaduni wa Heru katika mawe, kama atafutavyo ule wa Angkor, hataona mengi. Utamaduni huo ulikaa katika mapatano ya watu.

Wala isidhaniwe kuwa ukarimu wa makao hayo ulikuwa wa bure. Pombe aliyopewa mgeni wa mwami ilitokana na mtama na ndizi za mkulima, na mkulima huyo hakuulizwa kama anampenda mgeni. Ushuru wa mazao na kazi za lazima ndizo zilizolisha makao ya kifalme, hapa kama katika falme nyingi za nchi za Maziwa Makuu. Aliyekirimiwa na mkubwa alikirimiwa kwa jasho la mdogo. Ni haki kulisema jambo hili mapema, ili sifa za kale zisitumiwe kuwa fimbo ya kuipigia kila kitu kipya. Hoteli ya leo, hata iwe na kasoro gani, humlipa mpishi wake mshahara. Mkulima wa Heru aliyepeleka chungu cha pombe kwa mwami hakulipwa kwa fedha. Alilipwa kwa ulinzi, kwa hukumu na kwa matumaini ya ng'ombe, na pengine hakulipwa kabisa.

Msafiri wa karne ya 19 aliipita nchi hii kwa namna nyingine. Hakutaka kukaa wala kulima; alitaka njia. Misafara ya biashara kutoka pwani hadi Ujiji ilipita kusini mwa Buha, kando ya mto Malagarasi na visima vya chumvi vya Uvinza. Kwa njia hiyo Burton na Speke walifika ziwani mwezi wa Februari 1858. Kila mahali palipokuwa na mtawala, msafara ulitozwa hongo, yaani nguo, shanga au nyaya kwa ruhusa ya kupita. Henry Morton Stanley alipita Uha mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, na katika kitabu alichokichapisha mwaka 1872 ameeleza kwa uchungu jinsi mtware mmoja, aliyemwita Mionvu, alivyomdai doti 100 za nguo, na jinsi mashauri yalivyoishia kwenye doti 75. Alipoendelea mbele kidogo akadaiwa nyingine 30. Alipoona kwamba mbele yake wako wadai zaidi, alimwajiri kiongozi wa njia, akaamsha watu wake usiku, wakapenya porini kimyakimya mpaka wakatoka katika nchi ya Waha. Siku chache baadaye alikuwa Ujiji, amekaa barazani pamoja na Livingstone.

Stanley aliiona hongo kuwa unyang'anyi, na wasomaji wake wa Ulaya na Marekani wakaiona hivyo pia. Lakini ikitazamwa kutoka upande wa mtware, hesabu yake yaeleweka. Mtu huyu alikuwa na wapagazi wengi na bunduki nyingi. Alikunywa maji ya nchi, alikula chakula chake, alikanyaga njia zake, na hakutaka kuwa jirani wa mtu yeyote. Hakuingia kwa mlango wa mteko wala kwa mlango wa ng'ombe. Kwa mgeni wa namna hiyo, asiyeweza kufungwa na wajibu, ilibaki kumfunga kwa malipo. Hongo ilikuwa kodi ya mtu asiye na mwenyeji. Kwa maana hiyo yafanana zaidi na hesabu ya hoteli kuliko na ukarimu: alipaye hana deni, na asiye na deni aweza kuondoka usiku bila kuaga.

Tofauti na hali hiyo, Livingstone huko Ujiji alikuwa na mwenyeji. Alikaa miongoni mwa Waarabu na Waswahili wa mji, akiwa mgonjwa na maskini, maana mali zake zilikuwa zimekwisha kuuzwa na aliyekabidhiwa kuzitunza. Aliwachukia wafanyabiashara ya watumwa na akaandika habari zao kwa ukali. Hata hivyo ni katika mji wao alimopata paa na chakula. Kukirimiwa na mtu ambaye mgeni hakubaliani na matendo yake ni mojawapo ya mambo mazito ya ugeni, na mtu alipaye chumba kwa usiku hukwepa uzito huo.

Wajerumani walipoitawala nchi walileta aina nyingine ya nyumba ya wageni. Reli ya kati ilifika Kigoma mwezi wa Februari 1914, na juu ya mji huo Wajerumani walijenga jumba kubwa la kutazama ziwa. Masimulizi ya Kigoma husema kwamba jumba hilo lilikusudiwa Kaisari Wilhelm wa Pili, ili apate pa kupumzika akija kuwinda. Kaisari hakufika. Vita vilianza mwezi wa Agosti mwaka huo huo. Mwaka 1916 Wabelgiji waliteka Kigoma, wakaikalia pamoja na Buha mpaka mwaka 1921, kisha Waingereza wakapokea. Jumba lile limebaki hadi leo, nalo limekuwa ikulu ndogo ya serikali. Ikiwa masimulizi ni ya kweli, basi nyumba ya fahari kuliko zote zilizojengwa katika nchi hiyo kwa ajili ya mgeni ilijengwa bila mwenyeji kumwalika, na mgeni mwenyewe hakuilalia hata usiku mmoja.

Utawala wa Waingereza ulikuja na nyumba za kupumzikia maofisa waliokuwa safarini, na pia ulileta badiliko moja lililoonekana dogo lakini lililokuwa na matokeo makubwa. Kuanzia katikati ya miaka ya 1920, wakati wa Gavana Donald Cameron, watawala wa jadi wa Tanganyika walifanywa kuwa mamlaka za wenyeji, na ushuru waliopokea kutoka kwa watu wao ukageuzwa kuwa mshahara uliotoka katika hazina. Mwami mwenye mshahara si mwami yule yule. Zamani alipokea pombe ili aigawe, na ng'ombe ili awagawe. Ukubwa wake ulikuwa katika kugawa. Mshahara hauji na wajibu huo. Hapo ndipo chemchemi ya ukarimu wa makao ya kifalme ilipoanza kupungua maji, ingawa ngoma ziliendelea kulia. Makao ya Heru yalibaki na heshima yake. Na katika miaka ya 1940 na 1950 yalijulikana mbali kwa sababu aliyeketi hapo alikuwa mwanamke, Mwami Theresa Ntare, jambo lililokuwa nadra miongoni mwa watawala wa jadi wa Tanganyika.

Katika miaka hiyo hiyo Waha wenyewe walikuwa wageni katika nchi za watu. Kodi ya kichwa ilidai fedha, na fedha haikuwako Buha. Vijana wa Kasulu na Kibondo waliandikishwa kwa wingi kwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro. Tangu mwaka 1944 shirika la waajiri lililoitwa SILABU ndilo lililoshughulikia uandikishaji huo na usafirishaji wake. Watu hao waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Walilala katika kambi za njiani na katika laini za mashamba, chumba kwa chumba, mlango kwa mlango. Katika lugha ya Kiha mtu husalimiwa kwa kupigiwa makofi ya taratibu na kuulizwa habari za nyumbani kwa kirefu, kiasi kwamba haraka katika salamu huhesabiwa kuwa utovu wa adabu. Kutoka katika salamu ya namna hiyo hadi kuitwa kwa namba ni safari ndefu kuliko ile ya reli.

Hoteli za mijini hazikuwa na nafasi kwa watu hao. Katika Tanganyika ya wakati huo Mwafrika aliyeingia hoteli ya Wazungu aliingia kwa mlango wa jikoni, akivaa kanzu nyeupe ya kazi. Ndiyo maana mwaka 1965, serikali ya nchi iliyo huru ilipofungua Hoteli ya Kilimanjaro mjini Dar es Salaam, jambo hilo lilikuwa la siasa vile vile kama la biashara. Hoteli ile haikuiga msonge wala tembe. Ilikuwa jengo refu la kisasa, na kwa ukisasa wake ilitangaza kwamba mwenyeji sasa ni mwananchi. Hapa pana mfano wa kufaa na nyumba ile ya Siem Reap ya 1962, ambayo nayo haikuiga nakshi za mahekalu, bali ilijengwa kwa mtindo mpya wa wakati wake. Mwenyeji anayejiamini haoni haja ya kuvaa nguo za babu yake ili mgeni amtambue. Kuiga ya kale huja baadaye, wakati nyumba inapotafuta wanunuzi.

Mwaka 1962 Julius Nyerere, katika kijitabu chake juu ya ujamaa, aliikumbusha nchi methali ya Kiswahili isemayo: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwaka uliofuata, 1963, sheria iliondoa utawala wa machifu, na Heru ikakoma kuwa makao ya mtawala. Methali ile na sheria ile zilikaribiana kwa muda, na msomaji wa historia aweza kuziona kuwa zapingana: moja yaita desturi ya kale irudi, nyingine yaondoa wenye kuishika. Lakini methali haimtaji mfalme. Yamtaja mwenyeji yeyote mwenye shamba na jembe la akiba. Maana yake si kumfukuza mgeni. Jembe ndilo linalomtoa mgeni katika ugeni wake. Ni ule mlango wa mteko, umesemwa kwa Kiswahili.

Miaka kumi baada ya kijitabu hicho methali ilijaribiwa katika Buha kwa kipimo ambacho hakuna aliyekitarajia. Mwaka 1972 mauaji makubwa ya Burundi yalivusha mpaka makundi ya wakimbizi. Wengi walipelekwa katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na baadaye Mishamo, mbali na mpaka. Wengine walibaki vijijini Kigoma, miongoni mwa watu wanaosema lugha inayokaribiana sana na yao. Katika makazi walipewa ardhi, walilima, na baada ya miaka michache walijilisha wenyewe na kuuza ziada. Mwaka 2014 Tanzania iliwapa uraia zaidi ya watu 160,000 wa kundi hilo na watoto wao. Walipewa jembe, na mwisho wake hawakuwa wageni tena.

Mwaka huo huo wa 1972 Waha wenyewe walianza kuhamishwa. Operesheni Kigoma iliwatoa watu katika makazi yao yaliyotawanyika vilimani, kila moja karibu na mashamba na makaburi yake, ikawaweka pamoja katika vijiji vya ujamaa. Mwenyeji akawa mgeni katika nchi yake mwenyewe, akisubiri kuonyeshwa kiwanja na kamati badala ya mteko. Mtu aelezaye ukarimu wa Waha bila kulitaja jambo hili hajaeleza kwamba wakati walipowapokea waliofukuzwa makwao, wao pia walikuwa wakijifunza kukaa upya.

Wageni wa miaka ya 1990 walipokewa kwa namna nyingine. Baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye wa Burundi mwezi wa Oktoba 1993, na baada ya vita vya Zaire vya 1996, maelfu kwa maelfu waliingia Kasulu na Kibondo. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo. Mwaka 2015 Warundi walipokimbia tena ilijaa hata ikawa mojawapo ya kambi kubwa za wakimbizi duniani, na kambi za Nduta na Mtendeli zikafunguliwa pia. Lakini sheria ya wakimbizi ya 1998 na kanuni zilizoifuata ziliwazuia watu hao kwenda mbali na kambi au kulima kwa uhuru nje yake. Walipewa turubai na posho ya chakula, bila jembe. Kuna watoto waliozaliwa Nyarugusu, wakakua, wakaoa na kuolewa, na bado katika hesabu za serikali na za mashirika ni wageni. Wakati huo huo watumishi wa mashirika walihitaji vyumba, na nyumba za kulala wageni za Kasulu na Kibondo zikaongezeka, zenye maji ya ndoo, chandarua na chai ya asubuhi. Hivyo biashara ya malazi ya mjini ilikua katika kivuli cha kambi.

Habari hizi zote zaonyesha ugumu wa kazi ya mtu atakayetaka kujenga, siku moja, hoteli ndogo ya anasa kwa mfano wa Heru. Vifaa vya nje havitakosekana. Msonge waweza kujengwa mkubwa na kuwekewa bafu. Ngoma yaweza kupigwa saa ya chakula. Maziwa yaweza kutiwa katika vibuyu, na mgeni akasalimiwa kwa makofi. Kazi ya namna hiyo si ya kudharauliwa. Huko Unguja, Mji Mkongwe uliingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2000, na nyumba nyingi za mawe zimesimama kwa sababu zimekuwa hoteli. Beit al-Ajaib, jumba la serikali lisilokuwa na mapato ya namna hiyo, lilianguka sehemu yake mwezi wa Desemba 2020. Paa lisilolipiwa na mtu huvuja, na kinachovuja huanguka.

Lakini Unguja hiyo hiyo yatoa onyo. Huko Shangani liko jumba lililojengwa katikati ya karne ya 19 na tajiri Mwarabu, likaja kuwa ubalozi wa Waingereza na kisha ofisi za serikali, na tangu mwaka 2015 ni sehemu ya hoteli ya anasa. Jina lake la kale ni Mambo Msiige. Mwenye kulijenga alikusudia kujigamba, yaani asiwepo wa kufanya kama alivyofanya yeye. Leo jina lile laweza kusomwa kwa maana nyingine, kama neno kwa kila hoteli inayouza utamaduni: kuta ziigeni mkitaka, mambo yenyewe hayaigiki. Nakshi huigika, na kanzu, na pilau. Lisiloigika ni kule kuwapo kwa mtu ambaye nyumba ni yake, aliye na haki ya kumkaribisha mgeni na haki ya kumdai.

Mlalaji wa hoteli hulipa ili asidaiwe. Hiyo ndiyo anasa yenyewe, kubwa kuliko hariri na mabwawa: kulala katika nchi ya watu bila kuwa na neno na mtu. Hakuna ubaya katika kununua usingizi. Msafiri amechoka, na biashara hiyo ni ya kale kama hongo. Ubaya waanza pale hongo inapoitwa ukarimu, na mtu aliyepita njia akadhani ameingia nyumbani. Mwenye hoteli aliye mwaminifu ataweza kuuza chumba na kusema kwamba ni chumba. Akitaka kutumia jina la Heru pia, historia yampa masharti mepesi kuyataja na magumu kuyatimiza: kwamba ardhi anayojengea ina wazee wanaojulikana, nao wamekubali; kwamba fungu la mapato lawarudia majirani, kama vile pombe ya mwami ilivyopaswa kugawanywa; na kwamba mgeni aambiwe kuwa si mbali sana na kitanda chake wako wageni wengine, waliokaa siku nyingi kuliko tatu, ambao bado wanangoja jembe.

Nyumba ya miti na nyasi ya Heru haikudumu, wala haikujengwa ili idumu. Kilichodumu kwa muda mrefu kuliko kuta zake ni fundisho kwamba mgeni ni mtu anayeelekea kuwa jirani, na kwamba nyumba isiyoacha njia hiyo wazi, hata ipambwe kwa uzuri namna gani, ni kituo cha safari. Vituo vya safari vyahitajika. Lakini watu wa Heru walikuwa na jina moja kwa kituo na jina jingine kwa nyumba.